Maua Tu

Mwaka mmoja, nilipokuwa nikifundisha historia katika chuo cha ualimu, niliwaonyesha wanachuo picha ya sahani ya kauri ya Kichina, nyeupe yenye michoro ya buluu. Kijana mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, michoro hii ina maana gani?" Nami, nikiogopa kuonekana sijui, nikajibu, "Maua tu." Darasa likacheka. Kijana akaketi, na hakuuliza tena mpaka muhula ukaisha.

Nilipostaafu ndipo nikapata nafasi ya kusoma. Vyombo vile vilitengenezwa hasa katika mji wa Jingdezhen, Uchina, na ufundi wake ulishamiri katika karne ya 14, chini ya watawala wa Kimongolia. Fundi alichora kwanza, kisha chombo kikachomwa katika tanuru kwa joto la nyuzi 1,300 hivi. Rangi yenyewe, kobalti, ililetwa kutoka Uajemi, nchi ya Waislamu.

Na yale "maua" yangu? Lilikuwa yungiyungi. Kwa Wabudha ni ishara ya usafi, maana huota matopeni na ua lake likachanua bila doa. Ni moja ya alama zao nane za heri. Nyingine ni kama gurudumu la mafundisho, samaki wawili na fundo lisilo na mwisho.

Vyombo vya Kichina vilivuka Bahari ya Hindi hadi pwani yetu. Wazee wetu Waislamu walivithamini hata wakavipachika katika nguzo za makaburi, kama zile za Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam. Hawakuona ubaya kupokea uzuri uliotoka kwa watu wa imani nyingine. Ndiyo kusema, rangi ya Mwislamu na ua la Mbudha vilikutana katika sahani moja.

Pengine fundi mwenyewe wakati mwingine alichora kwa mazoea, asifikirie dini. Kwa hiyo kosa langu halikuwa kutojua. Mwalimu gani anajua yote? Kosa langu lilikuwa kulifunga swali kwa kicheko, wakati ningeweza kusema, "Sijui, tukatafute."

Kijana yule aliondoka kwenda kufundisha. Naomba asiwe amewarithisha wanafunzi wake jibu langu.