Siku ya Tatu, Nani Anatoa Jembe?

Waswahili husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Julius Nyerere aliutumia msemo huo katika kijitabu chake cha Ujamaa cha 1962, akionyesha kwamba katika jamii zetu za zamani kila mtu alikuwa mfanyakazi na hata mgeni hakuachwa kando. Wengi wetu tunausikia kama karipio kwa mgeni asiyejua kuaga. Mimi nasikia heshima ndani yake. Aliyepewa jembe amekwisha kuwa mtu wa nyumbani: anajua shamba lilipo, na mvua ikichelewa naye itamuuma. Tena jembe hilo anapewa, hakuja nalo. Mwenyeji ndiye ajuaye palizi imekwama wapi.

Leo maelfu ya vijana huvuka mipaka kila mwaka ili kuishi na watu wengine, kujifunza mila zao, kufanya kazi ya kujitolea na kurudi makwao wakiwa viongozi. Mipango hiyo ina majina mengi na mizizi mbalimbali. Nimechagua mila nne za namna hiyo, moja ya pwani yetu na tatu za ng'ambo, nikazipima kwa swali moja tu: siku ya tatu, nani anatoa jembe?

Tuanze Lamu. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, kijana Saleh bin Alawi Jamalilayl alitoka Ngazija, katika Visiwa vya Komoro, akahamia mji huo. Alikuwa sharifu, na nasaba hiyo peke yake ingetosha kumpa kiti cha mbele barazani. Yeye alianza kwa kukaa chini na kusoma kwa wanazuoni wa Lamu. Kisha akaenda Langoni, upande wa kusini wa mji, akawafundisha watu ambao darasa za wakubwa hazikuwa na nafasi yao: watumwa na watoto wa watumwa, na wahamiaji maskini kutoka Hadhramaut. Alitibu wagonjwa kwa dawa za miti. Si wakubwa wote wa mji walioipenda kazi hiyo, lakini Langoni walimpenda, wakamwita Habib. Katika mazingira hayo ndipo ulipozaliwa Msikiti wa Riyadha na chuo chake. Alipofariki mwaka 1935, Riyadha ilikuwa imekwisha kuwa kituo kinachowavuta wanafunzi kutoka bara ya Kenya, Tanganyika na Komoro. Walifika wakiwa vijana, wakaishi na wageni wenzao na wenyeji, wakarudi kwao kufungua madrasa na kuongoza misikiti.

Hakuna aliyeuita mpango huo kubadilishana utamaduni. Hata hivyo mambo yote muhimu yamo: kijana anaondoka kwao, anaishi katika lugha na adabu za wengine, anawatumikia, na ujuzi unarudi ukiwa na faida. Jembe la Habib Saleh lilitolewa na uhitaji wa mtaa aliouhamia. Hakufika na orodha ya kazi kutoka Ngazija. Alitazama, akaona nani ameachwa nje ya mlango, akaanzia hapo.

Mila ya pili ilizaliwa kwenye kifusi cha vita. Mwaka 1920 mhandisi wa Uswisi, Pierre Cérésole, alikusanya kikundi kidogo cha watu wa mataifa mbalimbali, Wajerumani wakiwamo, wakaenda kijiji cha Esnes karibu na Verdun nchini Ufaransa. Eneo hilo lilikuwa limesagwa na mizinga. Ilikuwa miaka miwili tu tangu majeshi yaache kuuana pale, na sasa Wajerumani wanarudi na sepetu mkononi, kufukia mashimo ya makombora na kuwajengea wenyeji vibanda vya kuishi. Cérésole aliamini kwamba amani inahubiriwa kwa kazi kabla ya maneno. Kazi hiyo ilidumu miezi kadhaa, ikavunjika mwaka 1921, kwa kuwa chuki ya vita ilikuwa bado mbichi na uwepo wa Wajerumani ulizua upinzani.

Ukiitazama haraka, Esnes ni hadithi ya kushindwa. Hata hivyo mbegu yake ilikuwa imekwisha kupandwa. Mafuriko yalipoipiga Liechtenstein, mwaka 1928 walifika mamia ya watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi. Tetemeko la ardhi lilipoiangusha Bihar, India, mwaka 1934, Cérésole mwenyewe akasafiri kwenda kujenga upya vijiji bega kwa bega na Wahindi, wakati ambapo India ilikuwa bado chini ya Uingereza. Kutoka hapo kambi za kazi, ambako vijana wa mataifa mengi hulala chini ya paa moja na kufanya kazi ya mikono mchana, zikaenea duniani. Kenya nayo ikapata chama chake cha kambi hizo mwanzoni mwa miaka ya 1960, na katika kambi zake vijana wa Kenya na wa nje wamefyatua matofali na kujenga madarasa pamoja.

Esnes imetufundisha jambo ambalo methali yetu inalidokeza bila kulitamka: mwenyeji anaweza kukataa kutoa jembe, na ana haki hiyo. Kazi njema aliyolazimishwa mwenye shamba haiponyi jeraha. Cérésole na wenzake waliondoka, na kuondoka kwao kulikuwa sehemu ya huduma yao.

Mila ya tatu ina nguvu ya dola nyuma yake. Usiku wa manane wa tarehe 14 Oktoba 1960, mgombea urais wa Marekani John F. Kennedy aliwauliza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan wangapi wako tayari kwenda kufanya kazi katika nchi za mbali. Machi 1961, akiwa rais, aliunda Peace Corps, shirika la serikali la watu wa kujitolea. Tarehe 30 Agosti mwaka huo kundi la kwanza lilitua Accra, Ghana, likasimama uwanjani na kuimba wimbo kwa Kitwi, mojawapo ya lugha za nchi hiyo. Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa kupokea vijana hao: wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia, ambao kazi yao ilihusu barabara na ramani za nchi iliyokuwa inangoja uhuru wake wa tarehe 9 Desemba 1961.

Wimbo ule wa Accra ulikuwa adabu nzuri. Lakini haukupita muda mrefu, na Oktoba 1961 postikadi iliyoandikwa na kijana mmoja wa Peace Corps ilidondoka huko Ibadan, Nigeria. Alikuwa anamweleza rafiki yake, kwa maneno ya kuchoma, hali duni za maisha alizoziona mitaani. Wanafunzi wa chuo kikuu waliiokota, wakaisoma, wakaisambaza, wakaandamana. Mwandishi wake akaomba radhi na kurudi kwao. Wapo waliosema wanafunzi walikuza jambo dogo. Mimi nawaelewa wanafunzi wale. Nigeria ilikuwa na mwaka mmoja tu wa uhuru, na mgeni aliyeketi mezani kwao alikuwa anaandika juu yao kana kwamba hawasomi.

Hata hivyo haki itendeke. Wengi wa vijana wa Peace Corps waliokuja kwetu walikaa miaka miwili, wakajifunza Kiswahili cha kijijini, wakafundisha hisabati na sayansi katika shule ambazo zingekosa mwalimu. Kasoro kubwa zaidi ilikuwa njia yenyewe: ilielekea upande mmoja. Mwaka 1967 Marekani ilifanya jaribio dogo la kuigeuza, ikawaleta vijana wa nchi nyingine kufanya kazi za kijamii katika miji yake. Jaribio hilo halikudumu hata miaka mitano. Taifa lililokuwa tayari kuwapa wengine wanawe halikuwa tayari kupokea wana wa wengine waje na ujuzi wao. Hapa ndipo mila ya tatu inapokwama: mgeni anayebeba jembe lake kwenda kwa watu, na akirudi kwake hataki mtu aje kulima shambani mwake, bado hajaingia katika udugu.

Mila ya nne ilijaribu kuirekebisha kasoro hiyo. Mwaka 1971 Jacques Hébert wa Kanada alianzisha mpango wa Canada World Youth, ambao msingi wake ulikuwa jozi. Kijana mmoja wa Kanada alifungamanishwa na kijana mmoja wa nchi rafiki. Kwa miezi kadhaa waliishi katika familia moja Kanada na kufanya kazi za kujitolea pale. Kisha wote wawili walihamia nchi ya yule mwingine na kufanya vilevile. Leo wewe ndiye mgeni usiyejua kuwasha jiko. Kesho ni mimi nisiyejua baridi inavyokatwa. Hébert aliiamini huduma ya vijana kiasi kwamba mwaka 1986, akiwa seneta na mpango wake mwingine wa vijana, Katimavik, umefutwa na serikali, aligoma kula kwa siku 21 ndani ya jengo la Seneti.

Norway nayo ilipita njia hiyo kwa kujisahihisha. Fredskorpset, taasisi yake ya kujitolea ya 1963, iliwapeleka Wanorway nje. Ilipofufuliwa mwaka 2000 ilipewa sura mpya: taasisi za nchi mbili zikawa zinabadilishana vijana wao, mmoja akienda na mwingine akija, na safari nyingine hazikupita Norway kabisa bali ziliunganisha nchi za Afrika zenyewe kwa zenyewe au na Asia. Na mpango wa Marekani wa YES, ulioanzishwa 2002, umekuwa ukiwachukua wanafunzi wa sekondari kutoka nchi zenye Waislamu wengi au jamii kubwa za Kiislamu, Kenya na Tanzania zikiwamo. Wanakaa mwaka mmoja wa masomo katika familia za Kimarekani, wanasoma shule za huko, na kufanya kazi za kijamii katika miji inayowapokea. Sasa ni mtoto wa Mombasa au Unguja anayepanga chakula cha msaada kwa maskini wa Ohio au Iowa. Anagundua kwamba Marekani nako kuna njaa, na Mmarekani anagundua kwamba Mwafrika ana cha kutoa. Safari za kutoka Marekani peke yake haziwezi kutoa somo hilo.

Zikiwekwa bega kwa bega, mila hizi nne zinakubaliana kwamba uongozi haufundishwi na safari. Ndege humfikisha mtu popote bila kumbadilisha. Kinachomjenga kijana ni kupokea maagizo kutoka kwa mtu asiyefanana naye, kwa lugha ambayo bado inamkwaza, katika kazi ambayo akiiharibu wenyeji ndio watakaoumia. Aliyewahi kuongozwa hivyo ataongoza kwa unyenyekevu. Zinatofautiana katika nani mwenye kauli. Lamu kauli ilikuwa ya mtaa. Esnes mwenyeji alisema hapana na akasikilizwa. Peace Corps ya mwanzo kauli ilikuwa, kwa sehemu kubwa, ya mtumaji. Katika jozi za Kanada na mabadilishano ya Norway, kila upande ulikuwa mwenyeji kwa zamu, na zamu hiyo ndiyo inayozuia kiburi. Kwa hukumu yangu, mila ya nne ndiyo iliyokaribia zaidi hekima ya methali yetu, na Lamu iliitangulia kwa karibu karne nzima.

Lakini nasi tusijisifu kupita kiasi. Msaragambo wetu wa Upareni na harambee za Kenya ni shule kubwa za kujitolea, ila mara nyingi huduma yetu huishia kwenye mpaka wa kijiji au ukoo. Tena tumeigeuza methali yenyewe. Kijana wa kigeni akifika, tunampa kiti cha mbele, soda na hotuba ya kumkaribisha, kisha tunamwachia achague mwenyewe kazi ya kufanya. Atapaka rangi ukuta wa darasa, atapigwa picha, ataondoka. Mwakani atakuja mwingine kuupaka ukuta uleule, huku choo cha wasichana kikiwa kimebomoka. Kosa hilo si la mgeni peke yake. Sisi hatukumpa jembe.

Kwa hiyo nina ombi kwa pande mbili. Serikali za vijiji, kamati za shule na vikundi vya kina mama: kabla barua ya kuomba wageni haijaandikwa, kaeni mjue ni kazi gani mnayoihitaji, nani atamsimamia mgeni, na kijana gani wa kwenu atakwenda kwao kwa zamu yake. Kama hakuna zamu, ulizeni kwa nini.

Na wewe kijana uliyepata nafasi ya kwenda nje, kaa siku mbili za kwanza ukisikiliza. Siku ya tatu usingoje kuandaliwa: mwombe mwenyeji wako jembe, hata kama ni fagio la kanisa, sinki la vyombo au kiti cha mzee asiyeweza kutembea. Ukirudi nyumbani, usitusimulie kwanza majengo uliyoyaona. Tuambie ulimtumikia nani, alikuagiza nini, na sasa uko tayari kuagizwa nini hapa kwetu.