Kamera Isiyo na Kioo, na Kioo Chake

Mwambie fundi simu yeyote kwamba chombo chako hakina kioo, atakuuliza kilivunjikaje. Kwa Mtanzania wa leo kioo ni kile cha simu: kioo kimepasuka, tachi imegoma, kubadilisha kioo ni shilingi ngapi. Kabla ya simu kioo kilikuwa cha dirishani, na kabla ya dirisha kilikuwa cha kujitazamia. Maana zote tatu zingali hai, zimebanana ndani ya neno moja la herufi nne, na neno hilo hilo ndilo tulilolitwika kazi ya kutaja aina mpya ya kamera. Tunaiita kamera isiyo na kioo.

Hapa Baleni, Wilaya ya Mafia, jambo hili lina pesa ndani yake. Kijana wa kaka yangu anapiga picha za harusi na za pasipoti kwa simu, na sasa amejikusanya anunue kamera. Kamera mbili ndizo zilizobaki mwisho wa mchujo: Canon EOS R50, iliyotangazwa Februari 2023, na Nikon Z30, iliyotangazwa Juni 2022. Zote ni za aina hiyo, mirolesi kama vijana wanavyotamka, na zote ni za daraja la mwanzo. Akaniuliza: "Ba'mdogo, wanasema hazina kioo. Sasa hiki cha nyuma ni nini?"

Swali lake ni la haki, na jibu lake linaanzia ndani ya kamera za zamani. Katika kamera zile mwanga ulipita kwenye lenzi, ukagonga kioo kilichoinamishwa nyuzi 45, ukarushwa juu na kupinda mpaka kwenye jicho la mpiga picha. Ukibonyeza, kioo kilinyanyuka, ukasikia ule mlio wa kukatika ambao waliopigwa picha studio miaka hiyo wanaukumbuka, na mwanga ukapata njia ya kwenda nyuma kwenye mkanda. Kioo hicho hakikuwa cha kujitazamia wala cha kukinga. Kazi yake ilikuwa kuakisi. Mwaka 2008 Panasonic walipotoa Lumix G1 walikitoa, na mwanga ukaenda moja kwa moja kwenye kipande cha kielektroniki kinachoupokea. Mpiga picha akawa anatazama kile ambacho kipande hicho kinakiona.

Kuondoka kwa kioo kumebadilisha umbo lote. Kwenye kamera za Canon zenye kioo, kutoka pale lenzi inapofungwa hadi pale picha inapotua ni milimita 44. Kwenye R50 ni 20. Nikon walitoka milimita 46.5 wakashuka hadi 16. Nafasi ambayo kioo kilikuwa kikiikalia imefutwa, na ndiyo maana R50 ikiwa na betri na kadi ina gramu 375, na Z30 ina 405. Lakini kioo kile kilikuwa pia kinga. Ukitoa lenzi kwenye kamera ya zamani, kioo na pazia vilisimama mbele ya mkanda. Ukitoa lenzi kwenye hizi mbili unakuta moyo wa kamera uko wazi, na upepo wa pwani yetu una chumvi na mchanga. Anayebadilisha lenzi pwani na aizime kamera kwanza, aielekeze mdomo chini, aupe upepo mgongo.

Kwa hiyo jina ni la kweli. Tatizo ni kwamba linakitaja chombo kwa kile kilichoondolewa, na linaeleweka kwa yule tu aliyekijua kilichoondolewa. Kijana aliyeanza na simu hajawahi kukutana na kioo hicho. Simu yake haikuwa nacho. Tunamwambia habari za msiba wa mtu asiyemfahamu. Kama tunataka kubaki na wazo lile lile, basi "kamera isiyo na kiakisi" ingemsaidia zaidi, kwa kuwa kuakisi ni kitenzi chetu cha siku nyingi na kinasema kioo kile kilikuwa kikifanya nini. Kwa maoni yangu hata hilo litapitwa na wakati. Kamera zenye kiakisi zikishatoweka madukani, zilizobaki zitaitwa kamera basi, na huo ndio mwisho mwema wa istilahi ya aina hii.

Tofauti kubwa kati ya R50 na Z30 haimo kwenye jina la aina yao, na hapa ndipo Kiswahili kinapodaiwa neno. R50 ina dirisha dogo juu ya kioo cha nyuma, unaweka jicho pale na kuona picha kabla hujaipiga. Z30 haina. Ya Nikon inakutaka uangalie kioo cha nyuma peke yake. Yaani kamera "isiyo na kioo" ambayo haina kitu kingine cha kutazamia isipokuwa kioo! Saa saba mchana, bibi harusi anatolewa nje kwenye uwanja wa mchanga mweupe, jua la Mafia liko utosini, na kioo cha nyuma kinarudisha sura yako mwenyewe na majani ya minazi. Hapo mpiga picha anakisia. Mwenye R50 anabana jicho kwenye dirisha lake, giza la kope linamsaidia, anaona nyuso.

Dirisha hilo tuliiteje? Wengine wangesema kijicho, kwa kuwa ni jicho dogo. Sikubali. Kijicho tayari ni husuda, na hakuna mpiga picha wa harusi atakayetaka kukitangaza mbele za watu. Kitazamio kinafaa, ila na kioo cha nyuma nacho kinatazamiwa. Mimi nasema kichungulio. Kuchungulia ni kutazama kwa jicho moja kupitia upenyo, mwili ukiwa umejificha nyuma ya kitu, na mtu aliyebana kamera usoni anafanya hivyo hasa. Mtoto wa darasa la pili ukimwambia "tazama kwenye kichungulio" atajua pa kuweka jicho bila kuelekezwa.

Kipande kinachopokea mwanga kina mkosi wa namna nyingine. Madukani kinaitwa sensa. Tarehe 23 Agosti 2022 Tanzania ilihesabu watu wake katika Sensa ya Watu na Makazi, na neno hilo tayari lina mwenyewe. Mwambie mzee "sensa ya kamera hii ni kubwa" uone atakavyokutazama. Kihisishi nacho kilishachukuliwa na walimu wa sarufi, ndicho kile cha "lo!" na "ah!". Kwenye simu hutumika kitambuzi, ambacho kinakifaa kipande kinachotambua kidole. Kipande cha kamera hakitambui mtu. Kinahisi mwanga tu. Kihisi kinatosha, ni kifupi, hakina mgogoro na mtu.

Ukishapata neno, ulinganishaji unakuwa mwepesi ghafla. Kihisi cha Nikon kina milimita 23.5 kwa 15.7, cha Canon 22.3 kwa 14.9. Wauzaji watakuimbia megapikseli, 24.2 za Canon dhidi ya 20.9 za Nikon, na mteja asiye na neno la kihisi atadhani ukubwa wa kamera ndio huo. Megapikseli ni hesabu ya vidoa vinavyounda picha. Ukubwa wa kihisi ni eneo la kunasia mwanga, na kwa hilo Nikon iko mbele kidogo. Kwa picha ya kuning'inizwa sebuleni tofauti hizi mbili hazionekani. Kinachoonekana ni upana wa lenzi inayokuja na kamera. Ile ya Nikon inaanzia milimita 16, ya Canon 18, na ukichanganya na ukubwa wa vihisi vyenyewe Nikon inameza watu zaidi ndani ya chumba kidogo. Kuna ukumbi wa harusi ambamo mpiga picha anarudi kinyumenyume mpaka mgongo unagusa ukuta, na bado shangazi wa pembeni amekatwa bega. Hapo Nikon inashinda, na ni vizuri isemwe.

Canon nayo ina flashi ndani yake. Z30 haina, itabidi uinunue kando. Neno flashi limeshakaa, silipigi vita. Vilevile kuvuta picha, neno tamu kuliko mkopo wowote, kwa sababu ndivyo macho yanavyohisi: kitu cha mbali kinakujia.

Najua kuna wanaosema tusijisumbue, watu watatumia la Kiingereza tu. Historia ya karibuni inawapinga. Kishikwambi kilikuwa neno la kuchekewa mpaka makarani wa sensa ya 2022 walipopita nyumba kwa nyumba wamekishika mkononi, na baadaye walimu wakapewa. Leo hakuna anayecheka. Kikokotoo kililala kwenye kamusi kama mashine ya hesabu hadi 2018, mjadala wa mafao ya wastaafu ulipokifanya kiwe kilio cha nchi nzima. Neno linashika pale kitu chenyewe kinapomfikia mtu pamoja na jina lake. Wavuvi wa kisiwa hiki wanalijua hilo. Samaki mkubwa kuliko wote, anayeonekana upande wa Kilindoni kati ya Oktoba na Machi, ameandikwa kwa tafsiri kuwa papa nyangumi. Huku ni potwe, au papa potwe, na watalii wanajifunza kumwita hivyo.

Limebaki daraja la mwanzo, na hapa Kiswahili cha mtaani kimewapita watengenezaji. Kwao kamera ya mwanzo ni ngazi ya kwanza, ukishajua utapanda. Sisi tuna gari la kuanzia maisha, nyumba ya kuanzia maisha, na ni sawa kusema kamera ya kuanzia maisha. Mnunuzi wa Baleni hanunui ngazi. Ananunua kitega uchumi kitakachopanda basi kutoka Kariakoo hadi Nyamisati, kivuke kwa boti hadi Kilindoni, kisha kimlipie ada ya wadogo zake. Akikosea, hakuna duka la kurudishia karibu. Ndiyo maana namtaka aelewe kila neno kabla hajatoa shilingi.

Nimemwambia achukue R50, kwa ajili ya kichungulio na flashi. Angekuwa mtu wa kupiga video za ndani akijielekezea kamera mwenyewe, ningemwambia Z30 bila kusita.

Na ninyi mnaouza kamera Kariakoo, Mwanza, Mombasa na kwingineko: mteja akija, msimwambie hii ni isiyo na kioo mkaishia hapo. Mwambieni hii ina kichungulio na ile haina, kihisi cha hii ni kikubwa kiasi hiki, lenzi yake inaanzia hapa. Andikeni hivyo kwenye vibandiko vya bei. BAKITA, baraza la Kiswahili lililoundwa mwaka 1967 kwa kazi ya aina hii hii, litapata maneno tayari yakiwa vinywani mwa watu, libaki kuyasanifu.