Nishani za Kijeshi za Kijerumani (Upare)

Nishani za Kijerumani zinazohusishwa na Same na Milima ya Upare ni hasa za Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Reli ya Tanga hadi Moshi, inayopita Same, ililihudumia jeshi la kikoloni la Wajerumani, Schutztruppe, hadi Mei 1916, majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Jan Smuts yalipolisukuma kusini.

Inayotafutwa zaidi na wakusanyaji ni Msalaba wa Chuma, ulioanzishwa Prussia mwaka 1813 na kurejeshwa 1914. Wa daraja la pili huning'inia kwenye utepe mweusi na mweupe. Wa daraja la kwanza hubanwa kifuani. Kamanda wa Schutztruppe, Paul von Lettow-Vorbeck, alitunukiwa Pour le Mérite, nishani ya juu ya kijeshi ya Prussia, mwaka 1916. Askari Waafrika walikuwa na nishani yao, Kriegerverdienstmedaille, ambayo kwa historia ya Tanzania ina uzito zaidi kuliko misalaba ya maofisa. Medali ya Makoloni ya 1912 ni ya mapigano ya awali, yakiwemo ya Vita vya Maji Maji.

Bandia ni nyingi. Msalaba halisi wa 1914 kwa kawaida una vipande vitatu: kiini cha chuma kilichopakwa rangi nyeusi, na fremu ya fedha ya nusu mbili zilizolehemiwa ukingoni. Sumaku hunasa kiini hicho. Bandia nyingi humiminwa kipande kimoja, hivyo ukingoni hakuna mstari wa kiungo. Nishani haisuguliwi ing'ae: rangi ikitoka, thamani hushuka.