Bei ya Kitabu na Duka Dogo la Mtaani

Mtu akipita mbele ya duka la vitabu lililofungwa husema upesi: watu wa siku hizi hawasomi tena. Neno hilo laelekea kuwa kweli, walakini tukitazama yaliyotokea Uingereza twaona mengine. Huko, mwaka 1995, maduka ya vitabu yasiyo chini ya kampuni kubwa yalikuwa 1,894. Mwaka 2016 yalibaki 867. Na katika miaka hiyohiyo watu walipanga mstari usiku kungojea vitabu vya Harry Potter. Wasomaji walikuwapo.

Yafaa turudi nyuma hata mwaka 1900. Tangu mwaka ule wachapishaji na wauzaji wa Uingereza walikuwa na mapatano: mchapishaji ataja bei ya kitabu, na kila muuzaji, mkubwa kwa mdogo, auze kwa bei ile. Asiyefuata, hapelekewi vitabu tena.

Je, huko si kumnyima mnunuzi haki yake? Sisi wenyewe tuliuliza hivyo, maana sokoni kwetu mama auzaye chumvi hupunguza bei apendavyo, wala hapana amkatazaye. Lakini kitabu si chumvi. Chumvi yote ni moja, nayo huisha upesi. Katika duka la vitabu kuna kimoja kiuzwacho kila saa, na kando yake kuna vitabu vya historia, vya mashairi, vya sarufi, vikaavyo rafuni mwaka mzima vikimngojea msomaji mmoja. Muuzaji hununua kwa mchapishaji kwa bei pungufu, naye huishi kwa tofauti ile. Faida ya kitabu kiendacho mbio ndiyo ilishayo vile vikaavyo. Mnyang'anye kile kimoja, hataweza kuvitunza vingine. Mwaka 1962 jambo hili lilifika mahakamani, na mahakama ikakubali ya kwamba mapatano yakivunjwa maduka yatapungua. Mapatano yakabaki.

Mwaka 1995 wachapishaji wakubwa kadhaa walijitoa, na mwaka 1997 mahakama ikatamka kwamba mapatano hayafai tena. Basi maduka makubwa ya vyakula yakaingia. Julai 2007 kitabu cha mwisho cha Harry Potter kilitoka kwa bei ya paundi 17.99, Asda wakakiuza kwa paundi 5. Kwa bei hiyo hapakuwa na faida, lakini mtu aliyeingia kutafuta kitabu alitoka na mkate, nyama na sabuni. Mwenye duka dogo hana nyama ya kuuza. Nasi hatumlaumu mama aliyelipa paundi 5. Nani angelipa 17 akiwa na watoto nyumbani? Amazon nayo, iliyoanza kuuza vitabu Marekani mwaka 1995 na kufika Uingereza mwaka 1998, ikazidisha taabu.

Ufaransa walishika njia nyingine, na walikaribia kupotea kabla ya kuiona. Mwaka 1974 duka kubwa la Fnac lilianza kuuza vitabu mjini Paris kwa punguzo la asilimia 20. Mwaka 1979 serikali ikaondoa hata ile bei iliyoshauriwa na mchapishaji, kila muuzaji akapanga yake. Jérôme Lindon, mkuu wa Éditions de Minuit, akapiga kelele pamoja na wenzake. Ndipo tarehe 10 Agosti 1981, wakati wa waziri Jack Lang, ikatoka sheria: kitabu kipya kina bei moja nchi nzima, na punguzo lisipite asilimia 5. Uingereza yalikuwa mapatano ya wafanya biashara, ambayo wao wenyewe waliweza kuyaacha; Ufaransa ikawa sheria ya nchi. Twaona tofauti ndiyo hiyo. Maduka ya vitabu yaliyo huru Ufaransa yamebaki zaidi ya 3,000.

Sheria ilijaribiwa. Mwaka 2014 bunge lilikataza kitabu kupelekwa kwa mnunuzi bure; Amazon ikatoza senti moja ya euro. Tulipoisoma habari hiyo tulicheka, kisha tukanyamaza. Ilipofika Oktoba 2023 tu ndipo yalipoanza masharti mapya: mwenye kuagiza vitabu vipya vya chini ya euro 35 alipe walau euro 3 za kupelekewa.

Walakini bei si kila kitu. Uingereza, bila sheria yoyote, maduka yameongezeka tena, mwaka 2022 yakahesabiwa 1,072. Na Paris, penye sheria, mwaka 2021 Gibert Jeune ilifunga maduka yake ya uwanja wa Saint-Michel. Joseph Gibert, mwalimu, alikuwa ameanza mwaka 1886 kuuza vitabu vikuukuu kando ya mto Seine. Sheria ya 1981 haigusi vitabu vikuukuu, wala haipunguzi kodi ya nyumba katika mtaa wa ghali. Wanafunzi wa vizazi vingi walileta pale vitabu vya darasa walilolimaliza, wakaondoka na vya darasa lililofuata.