Kabla ya Kumpa Muuza Karanga

Juma lililopita mke wangu alinitaka niondoe maboksi ya majarida yaliyoziba ujia wa nyumba. Sikubisha, mchwa walikwisha kuanza kazi kabla yangu. Nikatenga mafungu matatu: ya kutunza, ya kugawa, na ya kumpa muuza karanga afungie bidhaa yake.

Katika fungu la tatu nilikuta nakala iliyofifia ya Cheche, jarida la wanafunzi wa Mlimani, Dar es Salaam. Lilianza Novemba 1969, likichapwa kwa stensili. Septemba 1970 toleo lake maalumu lilibeba insha ya Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka yaliyoendelea kimya kimya nchini. Miezi michache baadaye Serikali ililipiga marufuku, na mwaka 1971 wanafunzi wakaanzisha MajiMaji.

Karatasi iliyonusurika amri ya Serikali nusura iangamizwe na usafi wangu! Marufuku humnyamazisha mwandishi. Uzembe wetu majumbani humnyima mjukuu ushahidi. Mwanafunzi, mwanaharakati, mtumishi wa umma: punguza maboksi, lakini soma kwanza jina na tarehe. Mchwa hawasomi, sisi tunasoma.