Ikuo Hirayama

Ikuo Hirayama (15 Juni 1930 – 2 Desemba 2009) alikuwa mchoraji wa Japani, mashuhuri kwa picha za safari ya Ubuddha kutoka Uhindi hadi Japani kupitia Njia ya Hariri. Alichora kwa mtindo wa nihonga, ambao rangi zake ni unga wa mawe uliokorogwa kwa gundi ya wanyama.

Maisha

Alizaliwa Setoda, kisiwani Ikuchijima, mkoa wa Hiroshima. Bomu la atomiki lilipoangushwa tarehe 6 Agosti 1945 alikuwa mwanafunzi wa miaka 15, akitumikishwa katika ghala la silaha la jeshi mjini Hiroshima. Alinusurika, ila mionzi iliidhuru damu yake. Baadaye alisomea sanaa Tokyo, akawa mwanafunzi wa Seison Maeda.

Kazi

Mwaka 1959, akiwa mgonjwa na akidhani siku zake zinahesabika, alichora *Bukkyō Denrai* (Kuja kwa Ubuddha): watawa wawili juu ya farasi, wakirejea na maandiko. Kiini chake ni Xuanzang, mtawa wa China aliyesafiri hadi Uhindi katika karne ya 7. Picha hiyo ilimfungulia njia. Tangu hapo alizuru Njia ya Hariri zaidi ya mara 100, akirudi na michoro ya misafara ya ngamia, magofu na majangwa.

Moto wa Hiroshima aliuchora baada ya miaka 34. Katika *Hiroshima Shōhenzu* (1979) mbingu yote ni nyekundu. Chini mji unateketea, na juu, ndani ya ndimi za moto, amesimama Fudō Myōō, mlinzi wa dini mwenye sura kali. Kazi yake kubwa kuliko zote ni michoro ya safari ya Xuanzang katika hekalu la Yakushiji, Nara, yenye urefu wa mita 49, iliyokabidhiwa tarehe 31 Desemba 2000.

Uhifadhi wa urithi

Akiwa Balozi Mwema wa UNESCO, alipigania mapango ya Dunhuang na mahekalu ya Angkor. Alikusanya pia vitu vya kale vilivyoibwa Afghanistan wakati wa vita, akavitunza Japani kama amana hadi kwao kutulie. Mwaka 2016, miaka saba baada ya kifo chake, vitu 102 vilirudishwa Afghanistan, ukiwemo mguu wa kushoto wa sanamu ya Zeu kutoka Ai Khanoum.