CD4: Hesabu iliyowapanga watu kwenye foleni ya dawa

Kwa zaidi ya miaka 10, mtu aliyekutwa na VVU hapa Tanzania hakuanza dawa kwa sababu tu ana virusi. Kulikuwa na kipimo kingine mbele yake. Kwenye mabenchi ya kliniki za tiba na matunzo, zile tunazoziita CTC, watu waliulizana kwa sauti ya chini: “Wewe CD4 zako ngapi?” Mwenye 180 aliingizwa kwenye masomo ya unywaji wa dawa na kutakiwa aje na ndugu wa kumsimamia. Mwenye 420 alipewa tarehe ya kurudi kupima tena. Zikishuka, ataanza. Zisiposhuka, ataendelea kusubiri.

Utaratibu huo ulikuwa na jambo la ajabu ndani yake: kuwa na afya njema kulikuwa sababu ya kucheleweshewa dawa. Leo anayepimwa asubuhi anaweza kuondoka na vidonge siku hiyohiyo, CD4 zake ziwe nyingi au chache. Jinsi tulivyotoka kule hadi hapa ni simulizi ya sayansi na fedha, na ukizitenganisha hizo mbili huwezi kuielewa.

Seli zilihesabiwa kabla kirusi hakijajulikana

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, daktari Michael Gottlieb na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliletewa vijana wa kiume wenye nimonia ambayo kwa kawaida humpata mtu aliyekwisha kinga. Wakati huo maabara zilikuwa zimeanza kupata kingamwili zinazotambua aina moja tu ya seli, matunda ya kazi ya Georges Köhler na César Milstein iliyofanyika Cambridge mwaka 1975. Walipozitumia kuchunguza damu ya wagonjwa, walikuta aina moja ya chembechembe nyeupe, iliyoitwa T4 siku hizo na ambayo leo tunaiita CD4, karibu imetoweka. Taarifa ya wagonjwa 5 wa Los Angeles ilichapishwa Juni 5, 1981. Kirusi chenyewe kilikuja kutambuliwa mwaka 1983 katika Taasisi ya Pasteur, Paris, na timu ya Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier. Mwaka uliofuata ikabainika kwamba VVU hujishikiza kwenye protini ya CD4 iliyo juu ya seli hizo ndipo viingie ndani.

Wauguzi wetu wamezoea kuziita seli hizo askari wa mwili. Kazi yake inafanana zaidi na ya mpiga mbiu: adui akiingia, ndizo zinazoamsha seli nyingine zitengeneze kingamwili na kushambulia. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo kati ya 500 na 1,500 hivi katika kila milimita moja ya ujazo wa damu. VVU huzivamia, huzaliana ndani yake na kuzipunguza kidogo kidogo kwa miaka.

Mwaka huohuo wa 1983, wagonjwa 3 wa kwanza kuripotiwa Tanzania walionekana mkoani Kagera. Wenyeji waliuita ugonjwa ule Juliana, jina la nguo zilizoletwa na wafanyabiashara kutoka ng’ambo ya mpaka wa Uganda. Huko hakuna aliyekuwa akihesabu seli. Mwaka 1985 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikutana Bangui na kukubaliana njia ya kumtambua mgonjwa mahali pasipo na maabara: kupungua uzito sana, homa ya muda mrefu, kuharisha kwa zaidi ya mwezi. Daktari alitumia macho yake na maelezo ya mgonjwa.

Mia mbili ilitoka wapi

Namba 200, iliyokuja kuamua maisha ya wengi Afrika Mashariki, haikuanzia kwenye dawa za ARV. Ilianzia kwenye ile nimonia. Watafiti wa Marekani waliona kwamba hatari yake hupanda sana CD4 zinapopungua chini ya 200, na mwaka 1989 mamlaka za afya za huko zikashauri walio chini ya hapo wapewe dawa ya kuikinga. Mwaka 1993 Marekani ikaifanya 200 kuwa mpaka rasmi wa UKIMWI. Aliye chini yake alihesabiwa kuwa na UKIMWI hata kama anatembea, anafanya kazi na hana ugonjwa wowote.

AZT, dawa ya kwanza ya VVU, ilikuwa imeidhinishwa tangu mwaka 1987, na wengi waliamini kwamba ukiianza mapema utaishi zaidi. Utafiti wa Concorde, uliowashirikisha watu 1,749 wa Uingereza, Ireland na Ufaransa, ulizima matumaini hayo mwaka 1993. Walioanza mapema CD4 zao zilikuwa juu kuliko za waliosubiri, lakini hawakuishi zaidi yao. Dawa moja peke yake haikuweza kumshinda adui anayebadilika haraka hivyo. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1996, mchanganyiko wa dawa 3 ulipoonyesha kwamba virusi vinaweza kudhibitiwa kwa muda mrefu.

Dawa zafika, foleni yaanza

Mchanganyiko huo uligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ilijitolea kuuza wa kwake kwa dola 350, na milango ikaanza kufunguka. Mfuko wa Dunia ulianzishwa mwaka 2002, mpango wa PEPFAR wa Marekani mwaka 2003, na Oktoba 2004 Tanzania ikaanza kutoa ARV bure kitaifa.

Wahitaji walikuwa wengi kuliko dawa, na hapo ndipo 200 ilipopata kazi mpya. Mwongozo ulitanguliza walio chini ya kiwango hicho pamoja na waliokuwa tayari wagonjwa sana. Madaktari nao walikuwa na sababu yao ya kutoharakisha. Kidonge kilichotumika zaidi kilikuwa na stavudini ndani yake, dawa iliyowaletea watu ganzi za miguu na kubonyea mashavu hadi majirani wakajua. WHO ilishauri iachwe mwaka 2009.

Kuipata namba yenyewe ilikuwa kazi. Damu ilitolewa mkononi na kutiwa kwenye chupa yenye kifuniko cha zambarau, ndani yake kukiwa na kemikali ya kuzuia isigande. Kuanzia hapo saa zilikimbia, maana kwa kawaida kipimo kilitakiwa kifanyike ndani ya saa 48. Kituo kisicho na mashine kilifunga chupa kwenye boksi la sampuli na kuzituma hospitali ya wilaya au ya mkoa. Huko damu ilichanganywa na kingamwili zenye rangi inayong’aa, kisha seli zikapitishwa moja moja mbele ya mwanga wa leza, na kila iliyomeremeta kwa rangi ya CD4 ikahesabiwa. Mashine ikiharibika au vitendanishi vikiisha, hesabu ilisimama, na dawa za watu zikasimama nayo. Mashine ndogo zinazotumia tone la damu ya kidole na kutoa majibu kwa dakika 20 hivi zilianza kuingia karibu na mwaka 2010.

Lakini je, bila hesabu hiyo mtu hawezi kutibiwa? Swali hilo lilijibiwa na utafiti wa DART nchini Uganda na Zimbabwe, uliofuatilia watu 3,316 kuanzia mwaka 2003. Kwa nusu yao, madaktari walipata majibu ya CD4 kila mara. Nusu nyingine walifuatiliwa kwa dalili tu. Baada ya miaka 5, asilimia 90 ya kundi la kwanza walikuwa hai, na asilimia 87 ya kundi la pili. Kipimo kilisaidia, ila dawa ndiyo iliyookoa. Kumnyima mtu dawa kwa kuwa mashine haipo kulikosa utetezi.

Kutoka 200 hadi wote

Mwaka 2006 utafiti wa SMART, uliokuwa na watu 5,472 katika nchi 33, ulisimamishwa kabla ya wakati. Wazo lake lilikuwa kuwapumzisha watu dawa CD4 zikiwa juu ya 350 na kuwarudishia zikishuka chini ya 250. Waliopumzishwa waliugua na kufa zaidi, na si kwa magonjwa nyemelezi tu; moyo, ini na figo navyo viliathirika. Kumbe virusi hudhuru hata wakati hesabu inaonekana nzuri.

Mwaka 2010 WHO ikapandisha kiwango cha kuanza dawa hadi 350. Mwaka 2011 utafiti wa HPTN 052, uliohusisha jozi 1,763 za wenza katika nchi 9, Kenya ikiwemo, ukaonyesha kwamba kuanza mapema kunapunguza maambukizi kwa mwenza kwa asilimia 96. Mwaka 2013 kiwango kikawa 500. Mwaka 2015 zikatoka tafiti mbili kubwa, START iliyohusisha nchi 35 na TEMPRANO ya Ivory Coast, zote zikisema kitu kimoja: hata mwenye CD4 zaidi ya 500 anafaidika akianza sasa. Septemba 2015 WHO ikaondoa kizingiti kabisa, na mwaka 2016 Kenya, Uganda na Tanzania zikafuata.

Ukiitazama ngazi hiyo unaweza kudhani mwili wa binadamu ulibadilika kati ya mwaka 2004 na 2016. Kilichobadilika ni bei ya dawa, ubora wake na ushahidi. Walioambiwa “bado” enzi zile walipangwa na uhaba, kisha uhaba ukapewa namba.

Kazi iliyobaki

Leo kipimo kinachoonyesha kama dawa zinafanya kazi ni wingi wa virusi. Virusi vikifubaa hadi visionekane kwenye kipimo, mtu haambukizi mwenza wake kwa ngono. Kwa sababu hiyo CD4 ilianza kusahaulika, na kipimo kikapungua vituoni. Hilo lilikuwa kosa, kwa kuwa watu wanaendelea kufika wakiwa wamechelewa, na walioacha dawa wanarudi wakiwa hoi.

Mwaka 2017 WHO iliirudisha 200 kwa kazi nyingine: aliye chini yake, na kila mtoto wa chini ya miaka 5 mwenye VVU, ana ugonjwa uliofikia hatua ya juu na anahitaji huduma ya ziada. Kwa mtu mzima, huduma hiyo ni kutafuta kifua kikuu, hata kwa kipimo cha mkojo, na kutafuta kwenye damu fangasi wanaosababisha homa ya uti wa mgongo. Ushahidi mmoja mzito ulitoka hapa kwetu. Utafiti wa REMSTART uliofanyika Dar es Salaam na Lusaka, ukachapishwa mwaka 2015, ulichukua watu 1,999 wenye CD4 chini ya 200 waliokuwa wakianza dawa. Waliopimwa fangasi hao na kutembelewa nyumbani kila wiki kwa mwezi wa kwanza na wahudumu wasio madaktari walikufa pungufu kwa asilimia 28 kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida.

Kwa anayeishi na VVU, hesabu hiyo isomwe kwa utulivu. Hupanda na kushuka kwa mafua, kwa ujauzito, hata kwa saa ya siku, kwa hiyo kutoka 480 kwenda 430 hakumaanishi dawa zimeshindwa. Aliyeanza akiwa chini sana anaweza kuchukua miaka kupanda, na wengine hawafiki 500 hata virusi vikiwa vimefubaa. Zikipanda hadi 900 bado virusi vimo, na waliopumzishwa dawa katika SMART walilipa gharama ya kusahau hilo. Mwenye haki ya kuidai CD4 kwa sauti leo ni anayeanza dawa na yule aliyeziacha akarudi. Wao wakikutwa chini ya 200, waulize kuhusu kifua kikuu na fangasi kabla hawajatoka kwenye chumba cha daktari.